Kishikwambi kinapopepesa: Namna ya kutambua kama kasoro ni ya kioo au ya draiva ya grafiki

KIOO cha kishikwambi kinapoanza kupepesa, kuwa cheusi ghafla au kuonyesha mistari isiyoeleweka, wamiliki wengi huamini kuwa kioo kimekufa na kwamba hakuna njia nyingine isipokuwa kununua kipya.

Imani hiyo wakati mwingine ni sahihi, lakini si kila mara. Dalili hizo hizo huweza kuletwa na programu ndogo inayoitwa draiva ya grafiki, ambayo kuirekebisha hakuhitaji fedha nyingi zaidi ya muda na kifurushi cha intaneti.

Kutofautisha kasoro hizo mbili ndiko kunakoamua iwapo mwenye kifaa atamaliza tatizo nyumbani au atalipia kioo ambacho hakikuwa na ubaya wowote.

Maelezo yafuatayo yanahusu zaidi vishikwambi vinavyotumia Windows, kama vile Surface vya kampuni ya Microsoft, kwa sababu humo ndimo mtumiaji anaweza kuiondoa, kuibadilisha au kuirudisha draiva kwa mikono yake mwenyewe.

Draiva ni nini?

Katika vishikwambi vingi vya Windows, kazi ya kuchora kila kinachoonekana kwenye kioo hufanywa na sehemu maalumu iliyomo ndani ya prosesa. Windows haizungumzi na sehemu hiyo moja kwa moja, bali hupitia kwa draiva, ambayo ni kama mkalimani kati ya pande mbili zisizoelewana lugha.

Mkalimani akikosea, picha huharibika hata kama kioo na prosesa ni vizima.

Tangu toleo la Windows Vista, lililoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, mfumo huo una njia ya kujiokoa. Sehemu ya grafiki ikishindwa kujibu amri ndani ya sekunde 2, Windows huianzisha upya bila kuizima kompyuta nzima. Kioo huwa cheusi kwa muda mfupi, kisha picha hurejea.

Tukio moja la namna hiyo si la kutisha. Likijirudia kila siku, linaashiria draiva mbovu, joto kupita kiasi au kifaa kilichochoka.

Kabla ya kugusa chochote

Hatua ya kwanza ni kulinda kazi zilizomo ndani ya kifaa. Nyaraka na picha muhimu zinakiliwe kwenye flashi au diski ya nje, na chaji ijazwe.

Aidha, vishikwambi vingi vya Windows hufungwa kwa kinga ya BitLocker, ambayo huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 pale mtumiaji anapoingia katika hali ya matengenezo au anapobadilisha mipangilio ya ndani. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika wakati kifaa kilipoanza kuwekwa sawa.

Hapa ndipo wanunuzi wa vifaa vilivyotumika hujikuta pabaya. Ikiwa kinga iliwashwa na mmiliki wa awali, ufunguo unaweza kuwa umebaki katika akaunti yake. Asiyekuwa nao hawezi kuzifikia kazi zake, hata kama draiva imepona.

Kuiamsha draiva

Kifaa ambacho kioo chake ni cheusi lakini bado kinatoa sauti huenda kimepotewa na draiva tu. Mwenye kibodi anaweza kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B.

Asiye na kibodi anashauriwa kubonyeza kwa pamoja vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti, mara 3 ndani ya sekunde 2. Mfumo ukiwa hai, utasikika mlio mfupi na kioo kitafifia au kumeta, ishara kwamba Windows inajaribu kuirejesha picha. Amri hiyo haiizimi kompyuta.

Isipofanya kazi, kwa Surface vya miaka ya karibuni kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa takriban sekunde 20 hadi nembo ya Windows itokee. Kazi ambayo haikuhifadhiwa itapotea.

Vipimo vinne

Kipimo cha kwanza ni kuangalia picha kabla Windows haijaanza. Kwa Surface, kifaa huzimwa, kitufe cha kuongeza sauti kikashikiliwa, kisha kitufe cha kuwashia kikabonyezwa na kuachiwa. Kitufe cha sauti kinaendelea kushikiliwa hadi itokee menyu ya UEFI, yaani programu ya awali inayokiamsha kifaa.

Katika menyu hiyo, draiva ya Windows haijaanza kazi. Kioo kikipepesa hapo, draiva haina hatia. Kasoro iko katika kioo chenyewe, waya wake au ubao mkuu.

Kipimo cha pili ni kupiga picha ya kioo kwa amri ya kompyuta, si kwa kamera, kisha kuitazama katika simu au kompyuta nyingine. Mistari isipoonekana katika picha hiyo, ni dalili kubwa kwamba picha inatengenezwa vizuri lakini inaharibika ikifika kwenye kioo. Mistari ikionekana, kasoro iko nyuma zaidi, katika programu, draiva au sehemu ya grafiki.

Kipimo cha tatu ni kuingia Safe Mode, hali ambayo Windows huiweka kando draiva ya mtengenezaji na kutumia draiva yake ya msingi. Njia yake ni kushikilia kitufe cha Shift huku ukichagua Restart, kisha kupita Troubleshoot, Advanced options na Startup Settings, na kubonyeza namba 4 baada ya kifaa kuwaka upya. Ni vyema kuwa na kibodi.

Kioo kikitulia humo na kuanza tena vurugu katika hali ya kawaida, mshukiwa mkuu ni draiva ya mtengenezaji.

Kipimo cha nne hutenganisha draiva na programu nyingine. Mtumiaji abonyeze Ctrl, Shift na Esc ili kufungua Task Manager. Kama kila kitu kinapepesa isipokuwa dirisha hilo, huenda kuna programu isiyopatana na mfumo, na dawa yake ni kuisasisha au kuiondoa. Kama dirisha hilo nalo linapepesa, lawama hurudi kwa draiva.

Kuirekebisha draiva

Iwapo vipimo vimeelekeza kwenye draiva, mtumiaji hubonyeza na kushikilia kitufe cha Start, akachagua Device Manager, kisha Display adapters. Humo litaonekana jina la sehemu ya grafiki, na chini ya Properties kuna ukurasa wa Driver.

Tatizo likiwa lilianza mara baada ya kusasisha mfumo, chaguo la kwanza ni Roll Back Driver, linalorudisha draiva iliyotangulia. Maandishi ya chaguo hilo yakiwa yamefifia, maana yake toleo la zamani halikuhifadhiwa.

Njia ya pili ni kuiondoa kabisa kwa Uninstall device, ukikubali pia kufuta faili zake, kisha kuwasha kifaa upya. Windows itaweka draiva ya msingi au kutafuta nyingine kwa njia ya intaneti. Ni busara kupakua draiva sahihi na kuihifadhi kwenye flashi kabla ya kuondoa iliyopo.

Ukurasa wa Properties ukionyesha kosa namba 43, maana yake Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu chenyewe kimetoa taarifa ya tatizo. Kosa hilo likibaki hata baada ya draiva safi kuwekwa, uwezekano wa ubovu wa prosesa au ubao mkuu huongezeka.

Draiva ya nani?

Swali hili huwachanganya hata mafundi wazoefu. Kampuni ya Intel hutengeneza draiva za jumla za prosesa zake, lakini watengenezaji wa vishikwambi nao hutoa matoleo yao yaliyorekebishwa kulingana na kioo na matumizi ya umeme ya kila modeli.

Hadi mwaka 2020, programu ya Intel mara nyingi ilikataa kuwekwa katika kompyuta zenye draiva zilizorekebishwa na watengenezaji. Mwaka huo Intel iliondoa kizuizi hicho. Hata hivyo, ruhusa hiyo haina maana kwamba draiva mpya zaidi ndiyo bora zaidi. Njia salama ni kuanza na ile ya mtengenezaji wa kifaa.

Kwa Surface, Microsoft hutoa furushi moja la draiva na programu za ndani kwa kila modeli. Msomaji azingatie kuwa programu za ndani zikishasasishwa haziwezi kurudishwa nyuma, tofauti na draiva.

Programu za bure zinazodai kutafuta draiva zote kwa mguso mmoja ni za kuepukwa. Nyingine huleta draiva zisizolingana na kifaa, na nyingine huingiza virusi.

Fundisho la Surface Pro 4

Kifaa kinachoeleza vizuri ugumu wa jambo hili ni Surface Pro 4, kilichoingia sokoni Oktoba 2015 kikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha 6, maarufu kwa jina la Skylake.

Katika miezi ya mwanzo, watumiaji walilalamika kuwa draiva ya grafiki inasimama na kujirejesha kila mara. Kasoro hiyo ilikuwa ya programu, na Microsoft ilitoa masasisho kuishughulikia mwanzoni mwa 2016.

Baadaye likazuka tatizo jingine lililofanana nalo kwa macho: kioo kilichotetemeka hasa kifaa kinapopata joto. Wamiliki walibadilisha draiva bila mafanikio, na wapo waliofikia hatua ya kuviweka vifaa vyao kwenye friza ili vitulie kwa muda.

Mwaka 2018 Microsoft ilikiri kuwa kwa sehemu ndogo ya vifaa hivyo, kasoro hiyo haiwezi kurekebishwa kwa draiva wala programu za ndani, ikaahidi kuvibadilisha bure kwa muda wa miaka 3 tangu tarehe ya kununuliwa. Muda huo umekwisha zamani, lakini vifaa hivyo bado vimo katika soko la mitumba.

Pale ambapo draiva haipo

Ipo hali ya tatu, ambayo kioo ni kizima na draiva inahitajika, lakini hakuna anayeitengeneza.

Kuanzia mwishoni mwa 2012 vilitoka vishikwambi vya Windows 8 vyenye prosesa ya Intel Atom Z2760, vikiwamo Acer Iconia W510, HP ElitePad 900 na ThinkPad Tablet 2. Sehemu yao ya grafiki ilikuwa ya familia ya PowerVR, iliyobuniwa na kampuni ya Imagination Technologies.

Windows 10 ilipoletewa sasisho kubwa la mwaka 2017, ilibainika kuwa katika vifaa hivyo alama na maandishi yangeweza kutoonekana au kuonekana kama vipande vya rangi tupu. Kwa kukosa draiva mpya, vilizuiwa kuendelea na kubaki na toleo la 2016, vikipewa masasisho ya usalama pekee hadi Januari 2023.

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na prosesa za kizazi cha 6 hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11. Kwa sababu hiyo, anayenunua kishikwambi cha mtumba, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ana haki ya kuuliza jina la prosesa kabla ya kuuliza bei.

Android na iPad

Wengi nchini Tanzania walilizoea neno kishikwambi kupitia Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Katika vishikwambi vya Android na iPad, draiva ya grafiki huja ndani ya mfumo wenyewe, na mtumiaji wa kawaida hana menyu ya kuibadilisha.

Anachoweza kufanya ni kusasisha mfumo na programu, au kukirejesha kifaa katika hali ya kiwandani baada ya kuhifadhi kazi zake. Android nayo ina Safe Mode, ambayo husimamisha programu zilizopakuliwa. Kioo kikitulia humo, mojawapo ya programu hizo ndiyo yenye kosa.

Wakati wa kwenda kwa fundi

Kioo kinachoanza kuinuka pembeni kinaweza kuashiria betri iliyovimba. Hapo hakuna cha kupima tena: kifaa kizimwe, kisichajiwe, kisibanwe wala kutobolewa, na kipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi, kwa kuwa betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto.

Kwa kasoro nyingine, mwenye kifaa aende akiwa ameandika majibu ya vipimo vyake: kilivyoonekana kioo katika UEFI, katika picha iliyopigwa kwa kompyuta, na katika Safe Mode. Vioo vya Surface vingi hushikiliwa kwa gundi kali na hupasuka kwa urahisi vinapofunguliwa.

Ni afadhali fundi ajue, kabla hajashika kifaa cha kupasha moto gundi hiyo, kwamba kuna sababu ya kukifungua.