Kitufe kilichozama: historia fupi ya mpangilio wa madirisha

Leo tuzungumzie jambo linalomsumbua kila anayeandika programu za madirisha: kitufe kukataa kukaa pale ulipokiweka. Nina sababu ya kulileta, tena sababu ya aibu.

Niliwahi kutengeneza programu ya kuweka rekodi za kilo za kahawa kwa chama kimoja cha wakulima upande wa Runyenjes, Embu. Kwenye mashine yangu ilipendeza kweli. Lakini karani wa kule alikuwa na kompyuta ya pikseli 1366 kwa 768, na maandishi alikuwa ameyakuza kwa sababu ya macho. Kitufe cha "Hifadhi" kikazama chini, hakionekani kabisa. Mama wa watu akawa anajaza kilo, anabonyeza Enter, anafunga dirisha. Mwisho wa mwezi kompyuta ilikuwa na kilo chache kuliko daftari lake. Bahati nzuri hakuwa ameliacha daftari, la sivyo wazee wangelipwa pungufu kwa sababu ya kitufe changu.

Basi, kosa hili lilianzia wapi? Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1991 Microsoft walitoa Visual Basic. Ulikuwa unakokota kitufe kwa kipanya, unakiachia unapotaka, na programu inakumbuka namba: umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana na kimo. Watu wengi walijifunza kazi kwa njia hiyo, na ni rahisi sana. Shida ni kwamba namba hizo hazijui skrini ya mtumiaji ina ukubwa gani, wala lugha yake ina maneno marefu kiasi gani.

Njia nyingine ilitoka kwenye uchapaji wa vitabu. Mwaka 1977 Donald Knuth wa Stanford alikuwa ameanza TeX, ambamo ukurasa ni visanduku, na kati yake kuna "gundi" inayoweza kutanuka na kusinyaa. Miaka ya 1980, watafiti wa hapo hapo Stanford waliingiza wazo hilo kwenye madirisha kupitia InterViews. Huko Berkeley, John Ousterhout alianza lugha ya Tcl mwaka 1988, kisha akaiongezea Tk. Humo husemi kitufe kikae pikseli ya 400. Unasema kikae chini, na msimamizi wa mpangilio anapiga hesabu. Java ilipotoka mwaka 1996 ilikuja na wasimamizi wake, maana programu moja ilitarajiwa kufanya kazi kwenye mashine za kila aina.

Na sisi Waswahili tunahusika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ukitafsiri programu utaona mwenyewe: "Save" ina herufi 4, "Hifadhi" ina 7. "Print" ina 5, "Chapisha" ina 8. Halafu "Delete" yenye 6 inakuwa "Futa" yenye 4! Kitufe cha upana uliopigwa msumari kitakata neno moja na kupwaya kwa lingine.

Sasa, mimi sikutumia namba. Nilitumia Tkinter, ambayo ni Tk ndani ya Python, na bado kitufe kilizama. Kwa nini? Amri ya pack hugawa nafasi kwa zamu, kama matatu ya Embu kwenda Meru: anayepanda kwanza anakaa vizuri, na ikijaa, wa mwisho ndiye anayebanwa. Mimi nilipandisha orodha ndefu ya wakulima kwanza, kitufe mwisho. Tiba ilikuwa kuhamisha mstari mmoja tu: kitufe kipakiwe kwanza kwa side="bottom", kisha orodha ichukue nafasi iliyobaki kwa expand=True na fill="both".

Ukikwama, fanya hivi:

1. Ipake kila fremu rangi yake. Utaona mara moja nani amekula nafasi ya nani.
2. Usichanganye pack na grid ndani ya fremu moja. Tk 8.6 itakupa kosa. Matoleo ya zamani yaliganda tu.
3. Ukitumia grid, ipe uzito safu inayopaswa kutanuka. Uzito ukiwa sifuri, haitanuki.
4. Punguza dirisha, kuza maandishi, weka neno refu la Kiswahili, kisha utazame kitufe muhimu kama bado kipo.

Hiyo ya nne ndiyo niliyoiruka. Yule mama hakukosea popote. Alitumia kompyuta aliyokuwa nayo na macho aliyo nayo. Mimi ndiye niliyepanga dirisha kwa ajili ya skrini yangu.

Haya, nendeni mkapunguze madirisha yenu. Tuonane wakati mwingine!