Beringi: Kitu Kidogo Kibebacho Gari

Anayesoma polepole na afuate kwa kidole, hatutakimbia.

Leo tuna habari ya kitu kilichojificha katikati ya gurudumu la mbele la motokaa. Mafundi hukiita beringi. Wengi wetu hatukikumbuki mpaka siku gurudumu linapoanza kulia.

Zamani gurudumu la gari la kukokotwa lilizunguka juu ya ekseli ya mti, mti kwa mti. Watu walipaka mafuta, lakini msuguano haukuisha. Msuguano huleta joto na kula vyombo, na mnyama avutaye huchoka bure.

Dawa yake ni nini? Jaribu nyumbani. Buruta sanduku zito sakafuni. Kisha liweke juu ya vijiti vya mviringo, ulisukume tena. Utaona tofauti. Kitu kinachobingirika huenda kwa wepesi kuliko kinachoburutwa.

Akili hii ni ya kale. Kati ya mwaka 1928 na 1932, katika ziwa Nemi, nchi ya Italia, zilitolewa merikebu mbili za Kaisari Caligula, aliyetawala Roma tangu mwaka 37 mpaka 41. Humo zilionekana gololi za shaba zilizobeba jukwaa la kuzunguka.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Wales alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa kutia gololi katika ekseli ya gari la farasi. Mwaka 1869 Jules Suriray wa Ufaransa alipata hati ya gololi za baisikeli. Lakini palikuwa na shida. Gololi moja ikizidi wenzake kwa ukubwa, hubeba mzigo peke yake, nayo hupasuka. Mwaka 1883, katika mji wa Schweinfurt, Ujerumani, Friedrich Fischer alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma cha pua zote zilingane.

Ikabaki shida ya kona. Gari likikata kona, gurudumu husukumwa ubavuni. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko Marekani, alipata hati ya beringi yenye rola zilizo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Rola hizo hubeba mzigo wa juu na wa ubavuni pamoja.

Kwa ajili ya umbo hilo, fundi aweza kuzirekebisha. Hukaza nati huku akizungusha gurudumu, ili rola zikae vizuri. Kisha huilegeza, huikaza tena kidogo tu kwa kipimo cha kitabu cha gari lile, na kutia pini mpya ili nati isigeuke. Ikikazwa mno, beringi huungua. Ikilegea mno, gurudumu hucheza, na mwisho laweza kuchomoka barabarani. Beringi ikibadilishwa, sili nayo hubadilishwa. Sili huzuia grisi isitoke na vumbi lisiingie. Grisi ikivuja mpaka kwenye breki, breki hazishiki.

Je, kitu hiki ni kidogo? Tarehe 14 Oktoba 1943, wakati wa vita, ndege za Marekani zilikwenda kupiga mabomu viwanda vya beringi vya Schweinfurt. Siku ile moja ndege 60 hazikurudi. Watu wengi walikufa, angani na mjini. Wakuu wa vita walijua kwamba bila beringi, kifaru hakiendi wala ndege hairuki.

Basi ukisikia gurudumu linanguruma, usingoje. Simama, umwite fundi.

Maswali:
1. Kwa nini gololi zapaswa kulingana?
2. Rola za Timken zilitatua shida gani?
3. Sili ina kazi gani mbili?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.