Manzese Ilipochaguliwa

Bibi hakuwahi kuiita Manzese makazi holela. Aliiita kwangu. Nilipofika chuo ndipo nikajua jinsi nyumba yake ya udongo ilivyoponea chupuchupu.

Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilianza kwa kubomoa. Nyumba za udongo za Magomeni na Ilala ziliangushwa, za saruji zikainuka palepale. Hesabu haikukubali: kila nyumba mpya ilikuwa imemeza ya zamani, na wahamiaji wakazidi kumiminika Dar es Salaam.

Miaka ya 1970 serikali ikageuza mwendo. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja vipya Sinza na Kijitonyama, na Manzese ikachaguliwa kuboreshwa watu wakiwa humohumo, ipate barabara, maji na mifereji. Naona ulikuwa uamuzi wa busara kuliko tingatinga.

Lakini vitabuni mtaa mzima huchaguliwa kwa sentensi moja. Uchochoroni kwa bibi, mpimaji alichagua kati ya nyumba mbili, na barabara ikapita kwa jirani. Bomba lilipofika, bibi aliniambia, ndoo ya kwanza aliichota akiukwepa kwa macho ule uwazi uliokuwa baraza la shoga yake.