Miaka ya Kusubiri CD4 Zishuke

Tanzania ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza VVU mwaka 2004, aliyegundulika kuwa na virusi hakupewa dawa siku hiyohiyo. Alipimwa kwanza chembe za CD4, askari wa kinga ya mwili, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 500 na 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Kama hakuwa na ugonjwa mzito, alianzishiwa dawa CD4 zikishuka chini ya 200. Mwenye 300 alirudi nyumbani kusubiri. Watu wengi waliuchukulia utaratibu huo kama sheria ya maumbile, kwamba mwili wenyewe haukuwa bado na haja ya dawa. Naamini haikuwa hivyo. Subira ile ilizaliwa na bei ya dawa, uchache wake na ukali wake.

Virusi vyenyewe havikuwahi kusubiri. Baada ya homa na uvimbe wa tezi wa wiki za mwanzo, aliyeambukizwa anaweza kukaa miaka minane au kumi bila dalili kubwa. Ukimya huo ndio uliotudanganya, hata Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983: waliokuwa wakikonda walionekana, lakini walioambukizwa na kubaki wazima hawakuonekana. Mwaka 1995 mtafiti David Ho na wenzake walionyesha kuwa katika kipindi hicho cha utulivu mwili huzalisha mamilioni kwa mamilioni ya virusi kila siku na kuviangamiza, huku CD4 zikifa na kuzaliwa upya bila kupumzika. Aliyeambiwa asubiri alikuwa akipoteza kinga yake polepole, na kifua kikuu kingeweza kumpata hata kabla hajafika 200.

Waliotetea subira hawakukosa hoja. Stavudini, iliyokuwamo katika mchanganyiko wa kwanza, ilitia ganzi miguuni na kukondesha mashavu kiasi cha kumtangaza mgonjwa mtaani; kumpa mtu asiyeumwa dawa kama hiyo kulihitaji ushahidi mzito. Tena dawa zilikuwa haba: mwanzoni mwa karne hii tiba ya mwaka mmoja iligharimu zaidi ya dola 10,000, hadi kampuni ya Cipla ya India ilipotangaza dola 350 mwaka 2001. Kuwatanguliza waliokuwa wakifa kulikuwa haki. Hoja niikataayo ni ile kwamba Waafrika wasingeweza kumeza vidonge kwa saa. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha Waafrika wakifuata dozi vizuri kuliko wagonjwa wa Marekani ya Kaskazini.

Baadaye kiwango cha CD4 cha kuanzia dawa kilipandishwa hadi 350, kisha 500. Mwaka 2015 utafiti wa START, uliowahusisha pia wagonjwa wa Uganda, ulithibitisha kuwa wanaoanza mapema hupatwa na magonjwa mazito kwa uchache zaidi. Shirika la Afya Duniani likafuta kiwango, na Tanzania ikafuata mwaka 2016. Kipimo cha CD4 hakikutupwa. Sasa humtambulisha aliyefika kliniki akiwa amechelewa, ili achunguzwe haraka kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, huku dawa zikiwa zimepangwa tayari.