Serikali ya Kwanza ya Kongo: Jinsi Ilivyopangwa, Mwezi wa Sita 1960

Hapa Kalengera, kandokando ya barabara ya kwenda Rutshuru, tunasikia mara nyingi habari za mwaka 1960 zikisimuliwa kana kwamba serikali ya kwanza ya Kongo ilitokea kwa siku moja, pamoja na bendera na hotuba. Tena watu husema: mawaziri wale hawakuwa na masomo, ndiyo maana walianguka upesi. Sisi hatuoni kwamba jibu hilo latosha. Tuangalie kwanza serikali ile ilipangwa namna gani.

Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, Baraza la Wajumbe lilikuwa na viti 137. Chama cha MNC cha Bwana Patrice Lumumba kilitangulia, lakini kwa jina lake chenyewe kilipata viti 33 tu. Vingine viligawanyika: PNP 15, PSA 13, ABAKO 12, CEREA yetu ya Kivu 10, CONAKAT ya Katanga 8, na vyama vidogo vingi ambavyo kila kimoja kilitoka katika kabila lake au wilaya yake. Na Sheria ya Msingi ya tarehe 19 mwezi wa tano ilidai kwamba serikali ipate kura kupita nusu ya wajumbe wote, si ya wale waliohudhuria tu. Maana yake ni kura 69 katika Baraza la Wajumbe na 43 katika Senati yenye watu 84. Hapakuwa na chama ambacho kingeweza kufika huko peke yake.

Aliyesimamia shauri hili kwa niaba ya mfalme wa Wabelgiji ni Bwana Ganshof van der Meersch. Tarehe 13 mwezi wa sita alimwagiza Lumumba atafute kama serikali yaweza kupatikana. Tarehe 17 kazi ikampita, akapewa Bwana Yosefu Kasavubu wa ABAKO. Kasavubu naye akashindwa. Tarehe 21 wajumbe walimchagua mwenyekiti wa Baraza: Bwana Kasongo, mtu wa Lumumba, akapata kura 74, na Bwana Bolikango 58. Hapo hesabu ikaonekana wazi, na siku ileile Lumumba akapewa kazi ya kuunda serikali. Siku ya uhuru ilikuwa imekwisha kupangwa, tarehe 30. Zilibaki siku tisa.

Msomaji afikiri kidogo jambo hili. Hata paroko anayechagua baraza la parokia huchukua majuma kadhaa.

Lumumba akagawa. Utetezi wa nchi aliushika mwenyewe pamoja na uwaziri mkuu. Makamu wake akawa Antoine Gizenga wa PSA. Pierre Mulele wa chama hichohicho akapewa elimu. Mambo ya nchi za nje yakaenda kwa Justin Bomboko, mambo ya ndani kwa Christophe Gbenye, haki kwa Rémy Mwamba wa Balubakat, fedha kwa Pascal Nkayi wa ABAKO. Kivu haikusahauliwa: Anicet Kashamura wa CEREA akapata habari, Marcel Bisukiro wa CEREA akapata biashara ya nje, na Edmond Rudahindwa wa REKO akapata migodi. CONAKAT ya Bwana Tshombe ilipata waziri mmoja, Joseph Yav, naye Albert Kalonji wa Kasai hakupata kiti. Majina yote pamoja, na makatibu wa serikali, yalipita thelathini.

Ni kweli kwamba katika wote hao Bomboko na Thomas Kanza tu ndio waliokuwa na shahada ya universite. Lakini tukumbuke sababu. Lovanium ilianza mwaka 1954 tu. Kabla yake, Mkongo aliyetaka masomo makubwa alikuwa na mlango mmoja, nao ni seminari. Kasavubu alipita Mbata-Kiela, kisha filosofia huko Kabwe. Gizenga alipita Kinzambi na Mayidi. Mulele pia alikuwa Kinzambi. Basi anayesema watu hao hawakujua kitu anasema neno juu ya nyumba zetu pia, na afadhali alipime kwanza.

Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Baraza lilipiga kura: 74 walikubali, wachache walikataa au hawakuamua, na 57 hawakuwamo. Ni hao 57 wanaotushangaza kupita wote. Kama watu sita tu kati ya wale 74 wangalikaa nyumbani, serikali isingalikuwako. Senati ilikubali kwa kura 60, 12 wakikataa. Siku ileile Baraza zote mbili zilimchagua Kasavubu kuwa Rais, kura 159, Bolikango akiwa na 43. Hivyo wawili waliokuwa wakishindania kazi moja walifungwa nira moja.

Tarehe 11 mwezi wa saba Tshombe alitenga Katanga. Mwezi wa nane Kalonji akatenga Kasai ya Kusini. Hatusemi kwamba kiti kimoja au viwili zaidi vingewazuia. Katanga ilikuwa na madini, na Wabelgiji waliosimama nyuma yake. Lakini malalamiko ya ugawaji yaliwapa neno la kuwaambia watu wao.

Tarehe 5 mwezi wa tisa, siku ya 67 baada ya uhuru, Kasavubu alimfukuza Lumumba pamoja na mawaziri na makatibu sita, na ndani yao Gizenga, Gbenye, Mwamba na Kashamura wetu. Bomboko ndiye mmoja wa mawaziri wawili walioweka sahihi chini ya amri hiyo. Wajumbe na Senati waliikataa, lakini tarehe 14 kanali Mobutu akawanyamazisha wote. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, na pamoja naye Maurice Mpolo, waziri wake wa vijana.

Kiangazi cha 1961 wajumbe walifungiwa katika Lovanium, universite ya Kanisa, askari wa Umoja wa Mataifa wakilinda pande zote, karibu kama makardinali katika konklave. Tarehe 2 mwezi wa nane wakakubali serikali ya Cyrille Adoula. Gizenga akawa tena makamu. Gbenye akarudi mambo ya ndani, na katika meza ileile akaketi Bomboko, waziri wa nchi za nje, aliyekuwa ametia sahihi ya kumfukuza.