Kutoka Tunguu na Ngomeni hadi Kwenye Skrini: Michezo ya Kompyuta na Elimu ya Anga kwa Mtazamo wa Amani, Usambara

Utangulizi

Insha hii inajadili nafasi ya michezo ya kompyuta, hususani ile inayosambazwa mtandaoni, katika kufundisha uchunguzi wa anga za juu. Mjadala unafanywa kwa mtazamo wa Amani, iliyopo Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza. Mahali hapa pameteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Amani ni miongoni mwa vituo vikongwe vya sayansi Afrika Mashariki, kwani Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya biolojia na kilimo mwaka 1902. Pili, ipo kati ya vituo viwili vya anga vilivyojengwa katika ukanda wa pwani: Tunguu, Unguja, takriban kilomita 150 upande wa kusini-mashariki, na Ngomeni, karibu na Malindi, takriban kilomita 300 upande wa kaskazini-mashariki. Hoja kuu ni kwamba sayansi ya anga ilikaa jirani na wananchi wa ukanda huu bila kuwafikia, na kwamba mchezo unaweza kuwapa kile ambacho vituo hivyo havikuwapa, yaani nafasi ya kujaribu.

Vituo vya anga pwani

Kituo cha Tunguu kilikuwa sehemu ya mtandao wa Marekani wa kufuatilia vyombo vya Mradi wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mara 3 tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofuatilia safari yake. Hata hivyo, kituo hicho kilipingwa tangu mwanzo na baadhi ya wanasiasa na wafanyakazi, waliohofu kuwa kingekiingiza kisiwa katika Vita Baridi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kilifungwa. Hofu hiyo haikuwa ujinga. Mtu anayeona uzio na minara, wala haelezwi kinachofanyika ndani, hana budi kuziba pengo hilo kwa dhana.

Huko Ngomeni, Waitalia walisimamisha baharini jukwaa la San Marco, ambako setilaiti 9 zilirushwa kati ya 1967 na 1988. Setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilipewa jina la Uhuru, nayo ndiyo ya kwanza kutengwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Mahali hapo palifaa kwa sababu karibu na ikweta ardhi huenda mashariki kwa kasi ya takriban mita 465 kwa sekunde, na roketi huondoka ikiwa tayari na kasi hiyo. Pamoja na faida hiyo ya kijiografia, setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilirushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023.

Mchezo kama chombo cha kufundishia

Mwaka uleule wa safari ya Glenn, vijana wa chuo cha MIT nchini Marekani walikamilisha Spacewar!, mchezo ambao vyombo vyake huvutwa na nguvu ya uvutano ya nyota. Mwaka 1969 Jim Storer, mwanafunzi wa sekondari, alitunga mchezo wa kutua mwezini ambamo mchezaji hupima mafuta kwa tarakimu tupu. Mwaka 2010 NASA ilitoa bila malipo Moonbase Alpha, ambapo wachezaji hadi 6 hushirikiana mtandaoni kukarabati kituo cha mwezini kilichopigwa na kimondo. Mwaka uliofuata kampuni ya Squad ya Mexico ilitoa toleo la kwanza la Kerbal Space Program, ambao mchezaji wake huunda roketi na kuirusha mwenyewe.

Thamani ya mchezo huo wa mwisho inaonekana kupitia tukio la Juni 1965. Mwanaanga James McDivitt, akiwa katika chombo cha Gemini 4, alijaribu kukikaribia kipande cha roketi yake kwa kukielekea moja kwa moja, akashindwa. Katika mzingo, anayeongeza kasi hupanda juu na hatimaye huchelewa; anayetaka kumfikia aliye mbele hupunguza kasi, akashuka chini, akazunguka haraka zaidi. Kanuni hii hupingana na mazoea ya barabarani, na maelezo ya ubaoni pekee hayatoshi kuikita akilini. Mchezaji hushindwa kama McDivitt alivyoshindwa, kisha hurudia hadi aelewe.

Amani na mazingira ya utekelezaji

Kujifunza kwa kutenda si jambo geni Amani. Katika utafiti wa mimea, na baadaye wa malaria, wenyeji walikusanya vielelezo, wakatunza bustani na kukamata mbu. Ujuzi wao ulitokana na mikono kabla ya vitabu. Vilevile, bao lenye mashimo 32 na kete 64 humfunza mchezaji kupima matokeo ya hatua asizokwisha kuzicheza.

Hata hivyo, mchezo una mipaka. Moonbase Alpha huhitaji mtandao ili kuchezwa kwa pamoja, ilhali Kerbal Space Program ukishapakuliwa huweza kuchezwa bila mtandao, jambo linalofaa zaidi shule za milimani. Sayari zake ni ndogo kuliko za kweli na hesabu zake za uvutano zimerahisishwa. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuwepo. Aidha, mwanafunzi anayetoka shule ya msingi akiwa amefunzwa kwa Kiswahili hukabili michezo hii kwa Kiingereza, ingawa maneno kama mzingo, setilaiti na uvutano yapo.

Hitimisho

Imebainika kwamba ujirani na vituo vya anga haukutosha kuwapa wananchi maarifa ya anga. Insha inapendekeza masomo ya mchezo yaandaliwe kwa Kiswahili, na zoezi la kwanza liwe kurusha setilaiti kuelekea mashariki kutoka Ngomeni. Mwanafunzi wa Amani atakapoona akiba ya mafuta inayopatikana karibu na ikweta, atatambua kwa nini wageni waliichagua pwani yake, na ataweza kuuliza kwa nini haitumiki tena.