Gari la Kazi, Mwizi na Dola: Nani Hulipia Kufuli?

Magari ya Model T yaliyotoka katika viwanda vya Ford baada ya mwaka 1919, yakiwa na kianzishio cha umeme, yalikuwa na swichi ya ufunguo. Magari hayo yaliuzwa kwa mamilioni, lakini funguo zake zilikuwa za aina 24 tu, na namba ya ufunguo uliohitajika iligongwa usoni pa swichi yenyewe. Muuza maziwa au fundi aliyelinunua ili limsaidie katika kazi yake alikabidhiwa kufuli ambalo mtu yeyote mwenye kitita cha funguo 24 angeweza kulifungua. Kazi ya kampuni ilikuwa kuuza gari. Kulilinda lisiibwe ilikuwa juu ya mnunuzi.

Mtazamo huo haujafa. Mtu akiibiwa gari lake la kazi hapa kwetu, maswali anayoulizwa ni yale yale: uliliegesha wapi? Mlinzi alikuwa wapi? Dereva unamfahamu vizuri? Ni nadra kusikia mtu akiuliza lilitengenezwaje hata likawashwa kwa bisibisi, na ni mamlaka gani iliyoliruhusu kuingia barabarani katika hali hiyo.

Jibu la kwanza la dola dhidi ya wizi huu lilikuwa adhabu. Mwaka 1919 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyolifanya kosa la shirikisho kuvusha gari la wizi kutoka jimbo moja kwenda jingine. Sheria hiyo ilijulikana kwa jina la aliyeiwasilisha, Leonidas Dyer, mbunge kutoka Missouri. Hapa nitoke kidogo nje ya mada, kwa kuwa jambo lenyewe linasema mengi juu ya vipaumbele vya dola: mwaka mmoja kabla yake Dyer huyo huyo aliwasilisha muswada wa kupiga marufuku mauaji ya Wamarekani Weusi yaliyofanywa na makundi ya watu nje ya mahakama. Baraza la Wawakilishi liliupitisha mwaka 1922, Seneti ikaukwamisha. Gari lilipata ulinzi wa sheria ya shirikisho mwaka 1919. Marekani ilipata sheria ya shirikisho dhidi ya mauaji hayo mwaka 2022.

Adhabu ina mipaka yake: humfuata mwizi baada ya mali kuondoka. Fikra ya kulifanya gari lenyewe liwe gumu kuibwa, tena kwa amri ya sheria, ilipata nguvu Ujerumani Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Loki ya usukani ilifanywa kuwa lazima kwa magari yote, mapya na yale yaliyokwisha kuwa barabarani. Wizi ulishuka. Uingereza ilifuata mwaka 1971, lakini kwa nusu hatua, kwani iliyadai magari mapya peke yake. Watafiti wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo walipochunguza takwimu za Polisi wa London, waligundua kuwa sehemu ya magari mapya miongoni mwa yaliyoibwa ilikuwa imeporomoka, kutoka takriban asilimia 21 mwaka 1969 hadi asilimia 5 mwaka 1973. Jumla ya wizi, hata hivyo, haikupungua kwa kiasi cha kuridhisha. Wezi walikuwa wamehamia kwenye magari ya zamani.

Mwanafunzi wa sera za umma angefaa kuisoma tofauti hiyo kwa makini. Kifaa kilikuwa kile kile, na bara lile lile. Katika nchi moja sheria ilimkinga kila mwenye gari; katika nyingine ilimkinga aliyeweza kununua jipya, na mwizi akaelekezwa, bila mtu kukusudia, kwa asiyeweza.

Kilichokuja baadaye kilikuwa na nguvu zaidi. Ni imobilaiza, kifaa cha elektroniki kinachoizuia injini isiwake mpaka itambue chipu iliyomo ndani ya ufunguo wake. Maelekezo ya Ulaya ya mwaka 1995 yalikifanya kuwa lazima kwa magari mapya ya abiria kufikia Oktoba 1998. Australia ilifanya hivyo mwaka 2001, Kanada Septemba 2007. Marekani haikuweka sharti hilo, na matokeo yake tuliyaona: kufikia mwaka 2015 ni takriban asilimia 26 tu ya aina za magari ya Hyundai na Kia yaliyouzwa huko ambazo zilikuwa na kifaa hicho kama sehemu ya kawaida ya gari, ilhali kwa watengenezaji wengine ilikuwa asilimia 96. Kuanzia mwaka 2021 vijana walifundishana kwa video za mitandaoni namna ya kuyawasha kwa waya wa USB. Kampuni hizo hizo, zikiuza Kanada, ziliweka kifaa hicho, kwa sababu huko sheria iliwataka.

Sasa tulitafute gari la kazi katika historia hii. Maelekezo ya Ulaya ya mwaka 1995 yalilidai gari dogo la mizigo liwe na kizuizi cha kimakanika tu. Imobilaiza ikaachwa iwe hiari. Kanuni ya Kanada ilitaja malori madogo, kisha ikayaondoa yale magari ya kusambaza bidhaa ambamo dereva huingia na kutoka akiwa amesimama. Mtu anaweza kuifikiria sababu, kwa maana dereva wa namna hiyo huzima na kuwasha mara nyingi kwa siku. Lakini mara hizo nyingi ndizo hasa nafasi za mwizi. Gari la familia likiibwa, familia hupanda basi. La fundi likiibwa, zana zimeondoka nalo, pamoja na kazi ya kesho na ya keshokutwa. Aliyekuwa na cha kupoteza zaidi ndiye aliyeachiwa hiari.

Kwetu sura ya gari la kazi ni kirikuu. Nyingi zilitengenezwa Japani, zikatumika huko, zikaja kwetu zikiwa na ufunguo wa chuma na loki ya usukani iliyokwisha kulegea. Mwenyewe hununua mnyororo, humwomba fundi umeme amfichie swichi ya siri, huchonga namba ya gari kwenye vioo na taa, humlipa mlinzi wa mtaani. Zote ni mbinu za busara, na sizibezi. Ila zote hutoka katika mfuko mmoja, ule ule unaolipa marejesho ya mkopo wa SACCOS. Mjadala wetu kuhusu magari yaliyotumika umejikita katika umri, ushuru na moshi.

Kanada inatupa mfano mwingine ninaouona kuwa na mafunzo zaidi. Mjini Winnipeg, katika mkoa wa Manitoba, wizi wa magari ulifikia kilele mwaka 2004. Huko bima ya magari iko mikononi mwa shirika la umma. Shirika hilo lilianza mwaka 2005 kuwafungia imobilaiza bila malipo wenye magari yaliyokuwa katika hatari kubwa zaidi, na mwaka 2007 likalifanya jambo hilo kuwa lazima kwa magari hayo. Likiambatana na usimamizi wa karibu wa vijana waliokwisha kupatikana na makosa hayo, lilishusha wizi kwa zaidi ya robo tatu katika miaka michache. Shirika halikuwa na huruma ya pekee. Lilikuwa likilipa fidia kwa kila gari lililoibwa, likapiga hesabu. Nchini mwetu sheria humtaka mwenye gari awe na bima ndogo, ambayo haigusi wizi. Kirikuu ikiibwa, kampuni ya bima haipotezi kitu. Anayeumia ni mwenyewe, dereva aliyekuwa akipeleka hesabu kila jioni, na mdhamini wake kwenye mkopo.

Nakubali kuwa kifaa hakimalizi wizi. Injini ikikataa kuwaka, wapo watakaomgeukia dereva na silaha mkononi ili wapate ufunguo. Afrika Kusini imelijua hilo kwa uchungu. Na mafundi wa Uingereza, ambao kwenye milango ya magari yao hubandika tangazo kwamba hakuna zana zinazolala ndani, wanajua kuwa mwingine haji kwa ajili ya gari. Hizo ni hoja za kuongeza ulinzi mwingine juu ya huu.

Ipo hoja nyingine nisiyoikubali, kwamba nchi isiyotengeneza magari haina la kuamuru. Australia Magharibi, tangu Julai 1999, ilidai imobilaiza pale gari linapobadili mmiliki, isipokuwa kwa yaliyo makuukuu sana, bila kumsubiri mtengenezaji. Magari yetu nayo hukaguliwa yanapoingia nchini, kisha hupita TRA kila jina kwenye kadi linapobadilishwa. Milango ipo miwili, na yote ina watumishi wa serikali mezani.